Mtazamo wa msomaji juu ya zana za kutafutia: unatoka wapi?

Kijana mmoja wa chuo alikaa mbele ya kompyuta ya katalogi, yaani orodha ya vitabu vya maktaba, akaandika: "sababu za sangara kupungua ziwa victoria". Kioo kikamjibu: Hakuna matokeo. Akatoa simu mfukoni, akayaandika maneno yaleyale Google, majibu yakamiminika. Tangu hapo, hata umsifie vipi katalogi, ameshaamua.

Mimi ni mkutubi hapa Mwanza, na jambo hili huniuma, kwa sababu vitabu alivyovihitaji vilikuwa rafuni, hatua chache kutoka alipokaa. Alichoondoka nacho moyoni ndicho tunachokiita mtazamo wa mtumiaji juu ya zana ya kutafutia: kuiamini au kuikwepa, kuiona inafaa au inamchelewesha. Zana yenyewe yaweza kuwa katalogi ya maktaba, kanzidata ya majarida (hazina ya makala kwenye kompyuta), au injini kama Google. Tusiuchanganye mtazamo na ujuzi. Wapo wanaojua vizuri kutumia kanzidata na bado hawaifungui.

Mwaka 1989 mtafiti Mmarekani Fred Davis alieleza kwa nini watu huzikubali au huzikataa programu za kompyuta. Alitaja mambo mawili: manufaa na urahisi, yote mawili kama mtumiaji mwenyewe anavyoyaona. Hapo pana uzito. Kanzidata inaweza kuwa na makala maelfu kuhusu uvuvi, lakini kama msomaji haoni itamsaidiaje kumaliza kazi ya Ijumaa, kwake ni sawa na haipo. Davis aligundua pia kuwa manufaa yana nguvu kuliko urahisi: mtu huvumilia ugumu akijua anachokifuata.

Kabla yake, mwaka 1959, mtaalamu wa kompyuta Mmarekani Calvin Mooers alisema mfumo wa kutafuta habari hautatumiwa pale ambapo kuwa na habari ni taabu kubwa kuliko kutokuwa nayo. Wengi hudhani alilenga ugumu wa mashine tu. Alikwenda mbali zaidi. Habari ukishaipata ni mzigo: utaisoma, utaielewa, na huenda ikakuonyesha kwamba ulichoandika jana si sahihi. Kwa hiyo pale ambapo mwalimu anapokea kazi bila kuuliza imetoka wapi, hakuna mafunzo ya maktaba yatakayomfanya mwanafunzi atafute. Naamini mkutubi anayetaka kubadilisha mitazamo aanze na walimu, wakubaliane kazi gani itahitaji vyanzo gani, ndipo aje kwa wanafunzi.

Yapo mengine pia yanayojenga mtazamo: bando, nywila isiyofanya kazi ukiwa nje ya chuo, rafiki aliyekwambia "hiyo haina kitu". Hili la mwisho husambaa haraka kuliko tangazo lolote tunalobandika mlangoni.

Lakini la lugha ndilo linalonisumbua zaidi. Mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki hapa Mwanza, samaki yule ni sangara, hana jina jingine. Kwenye vitabu vyetu vingi ameandikwa kwa Kiingereza, au kwa jina la kisayansi, Lates niloticus. Google hukisia, husahihisha tahajia, hata sentensi nzima huitafutia kitu. Katalogi nyingi hulinganisha maneno na yale tu yaliyomo kwenye rekodi, yaani maelezo ya kila kitabu. Nilipomwonyesha yule kijana jina la kisayansi, orodha ya vitabu ikatokea. Akasema, "Kumbe vipo! Lakini dada, mimi ningejuaje?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu kosa halikuwa lake. Alitafuta kwa neno analolijua tangu utotoni, na sisi hatukuliweka. Katika rekodi za MARC, muundo wa kuandika maelezo ya vitabu kwenye kompyuta ambao maktaba nyingi hutumia, ipo sehemu ya 653, mahali ambapo mkutubi anaruhusiwa kuandika maneno ya kutafutia yasiyomo kwenye orodha rasmi ya vichwa vya masomo, yaani maneno yanayotaja kitabu kinahusu nini. Hapo ndipo sangara, sato, dagaa na furu wanapaswa kuwamo, mradi programu ya maktaba imepangwa kuisoma sehemu hiyo. Kwa rekodi moja ni kazi ya dakika moja. Kwa maktaba nzima ni kazi ya miezi, basi anza na vitabu vinavyoulizwa kila muhula.

Kingine ni kumkalisha msomaji atafute mwenyewe, swali likiwa lake na kazi ikiwa yake, huku mkutubi amekaa pembeni bila kushika kibodi. Mfano wa kubuni wa semina humfundisha vitufe. Kitabu anachokihitaji leo, akikipata kwa mkono wake, ndicho kinachomfanya aiamini zana.

Yule kijana alirudi wiki iliyofuata, nikiwa nimeshaziongezea neno rekodi zile chache. Nikamwambia aandike "sangara" peke yake. Vitabu vikajipanga kiooni. Akanakili namba za rafu kwenye daftari, akaufuta mstari wa kutafutia, kisha akageuka: "Na sato, dada? Naye umeshamweka?"