Kiboko Si Amfibia: Dhana Potofu Kuhusu Uainishaji wa Wanyama

Kila ninapoketi nyuma ya darasa hapa Kisumu kuwakagua walimu walio katika mazoezi ya kufundisha, husikia sentensi ileile: "Amfibia ni mnyama anayeishi majini na nchi kavu." Wanafunzi hutaja chura, mamba, kenge na kiboko, na mwalimu huwaandika wote katika safu moja ubaoni. Uvumilivu wangu kwa sentensi hiyo umekwisha.

Ukweli ni kwamba makazi hayaamui kundi la mnyama. Kinachoamua ni umbile la mwili wake na namna anavyokua. Amfibia ana ngozi laini yenye unyevu, ambayo humsaidia kupumua, na mayai yasiyo na ganda, ambayo kwa vyura wengi hutagwa majini na kuanguliwa viluwiluwi wenye matamvua ya kupumulia majini. Mamba hana hata moja kati ya hayo. Ngozi yake ina magamba, mayai yake yenye ganda gumu hufukiwa mchangani, na mtoto wake hupumua kwa mapafu tangu anapoanguliwa, kwa hiyo ni reptilia hata akishinda majini mwaka mzima. Kenge naye, ambaye hutaga hata ndani ya vichuguu, ni reptilia. Kiboko tunayemwona pale Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, humnyonyesha ndama wake, pengine chini ya maji. Ni mamalia, na jamaa zake wa karibu zaidi walio hai ni nyangumi.

Kipimo cha kweli cha somo hili ni kamongo. Wanafunzi humwita amfibia kwa sababu ana mapafu, au nyoka kwa sababu ya urefu wake, ilhali kamongo ni samaki. Ni kweli kwamba hulazimika kuibuka avute hewa, na akizuiliwa chini ya maji hufa. Hata hivyo ana mapezi, manne kati yake yakiwa membamba kama nyuzi, na magamba madogo yaliyozama ndani ya ngozi. Ushauri wangu, ambao nimeurudia hadi nikachosha watu, ni huu: nunua kamongo mmoja sokoni, aliyekwisha kufa kwa maana aliye hai huuma vibaya, mpanguse ute, kisha kila mwanafunzi amkwaruze kwa ukucha kutoka mkiani kuelekea kichwani. Gamba likiinuka, hoja ya amfibia imekwisha. Mapezi yatamaliza ile ya nyoka. Chati ya ukutani haiwezi kuifanya kazi hiyo.

Kupanga wanyama kwa makazi ni zoezi zuri la mazingira katika madarasa ya chini, lakini lisiitwe uainishaji, kwa kuwa likikomaa kichwani ni vigumu kuling'oa. Hata Carl Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyeweka misingi ya uainishaji wa viumbe, mwaka 1735 aliwaweka nyangumi pamoja na samaki, na ni mwaka 1758 ndipo alipowahamishia kwa mamalia, akizingatia moyo, mapafu na kunyonyesha.

Dhana nyingine hazihitaji maneno mengi. Wapo wasemao kwamba wadudu si wanyama, ilhali zaidi ya nusu ya spishi za wanyama zilizopewa majina ni wadudu, kumbikumbi wetu wakiwemo. Buibui, kwa upande wake, si mdudu: ana miguu minane na mwili wa sehemu mbili. Popo si ndege. Ana meno, mwili wenye nywele, na hunyonyesha.

Na lile dai kwamba damu ya reptilia ni baridi daima? Mjusi aliyeota jua juu ya bati la Kisumu saa saba mchana anaweza kuwa na damu yenye joto kama letu. Tofauti ni kwamba sisi joto hilo hulizalisha mwilini kutokana na chakula, naye hulipata zaidi kutoka nje.