Je, wajua? Kuna watu wanapanda shamba ili mnyama aje ale, na wanalifanya dogo makusudi

Huku Mufindi na Njombe mtu mwenye maharage pembeni ya msitu anajenga dungu, analala humo humo na kupiga debe usiku kucha ili pongo na nguruwe pori wasimmalizie. Sasa Marekani kuna watu wanafanya kinyume kabisa. Mtu ananunua mbegu kwa hela yake, anasafisha robo ekari porini, anapanda, hapalilii wala havuni, halafu anapanda juu ya dungu lake na upinde au bunduki anasubiri mgeni aje kula. Watu wakisikia hivyo wanauliza, hivi mnyama ataachaje pori zima lenye majani kibao aje kwenye kipande kama hicho? Na kama mtu ana ardhi si alime ekari kumi tu wajae?

Mnyama mwenyewe ni kulungu mkia mweupe. Kwa mbali anafanana na pongo wetu ila ukoo ni tofauti, dume wa kule anaangusha mapembe kila mwaka na kuota mengine, pongo akishaota ndo hayo hayo mpaka anakufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 walikuwa wamewindwa mpaka wanakadiriwa kubaki laki tano hivi nchi nzima, zikawekwa sheria, wakaongezeka, leo wanakadiriwa karibu milioni 30 na kuna sehemu wamekuwa kero, wanamaliza bustani za watu na kugongwa na magari. Kwa hiyo kuwinda kwa leseni na kwa msimu ni jambo la kawaida kule, nyama inaenda kwenye friza ya familia.

Tuje kwenye tumbo, maana jibu lenyewe liko humo. Kulungu ana tumbo la vyumba vinne kama ng'ombe, ila la ng'ombe ni kubwa, linaweza kukaa na nyasi kavu likazichachusha taratibu mpaka zitoe kitu. La kulungu ni dogo kwa mwili wake, chakula hakikai sana, kwa hiyo lazima achague, anadonoa chipukizi hapa, jani laini pale, tunda likidondoka anaokota. Jani likishakomaa linajaa nyuzi ngumu, sisi tunaona kijani, yeye anaona makapi. Unaweza kuwa na pori la ekari mia na chakula chake cha maana humo kikawa kidogo tu. Klova changa, ule mmea wa jamii ya kunde wenye vijani vitatu vitatu, protini yake inavuka asilimia 20 ya uzito mkavu, sasa mtu wa tumbo dogo atapita kweli?

Halafu kuna majira. Msimu wa kuwinda kule sehemu nyingi ni kuanzia Septemba hivi mpaka Desemba au Januari, wakati majani ya miti yanapukutika na nyasi zinakauka. Ukiwa umeotesha mwishoni mwa Agosti, Oktoba kila kitu kimechoka isipokuwa kipande chako. Mtu wa Iringa hili haelezewi, aangalie tu vinyungu, zile bustani za bondeni. Mwezi wa nane na wa tisa vilima vyote vimekauka, bondeni kule mtu ana mboga na maharage mabichi yanayonyweshwa maji, nani asishuke?

Sasa kwa nini kidogo. Kulungu anaogopa uwazi. Shamba la ekari kumi analipenda ila atakaa kichakani mpaka giza liingie ndo atoke, na sheria za majimbo mengi ya kule zinakutaka uache kuwinda nusu saa baada ya jua kuzama, kwa hiyo yeye anatoka wewe unaondoka. Kipande chembamba chenye vichaka pande zote anaingia mwanga bado upo kwa sababu akishtuka ni hatua mbili tatu kapotea. Wajanja wanakiweka katikati ya njia, kati ya kichaka anacholala mchana na lile shamba kubwa analoendea usiku, anapita hapo anaonja onja kama mtu anayepitia chapati kwa mama ntilie huku anaelekea harusini. Kwa mawazo yangu hii ndo siri yenyewe, wengi wanahangaika na aina ya mbegu wakati sehemu na muda vina uzito kuliko mbegu.

Gharama nayo sio ya kutisha. Hakuna trekta wala plau, njia ya watu wa bajeti ndogo ni kusubiri mvua inayokaribia, unamwaga mbegu kwa mkono juu ya majani yaliyosimama, kisha unayafyeka yote yaangukie juu ya mbegu, yale majani yanakuwa matandazo, yanashika unyevu na kuficha mbegu zisiliwe na ndege. Wengine wanapiga kwanza dawa ya magugu. Nafaka inayovumilia mateso hayo ni rai, ndugu yake ngano, inaota hata ikiwa juu juu na hata udongo ukiwa hovyo, kilo 50 hivi kwa ekari, maana yake robo ekari ni kilo 12 na ushee. Klova mbegu zake ni ndogo sana, kilo 4 kwa ekari zinatosha, na ukiifukia zaidi ya nusu sentimita ndo imekwenda hiyo. Uzuri wake ni kwamba mizizi inashirikiana na bakteria kuvuta naitrojeni kutoka hewani, kama maharage tu, hivyo huhitaji kununua urea.

Ila klova haipendi udongo wenye asidi, inataka pH ya 6 mpaka 7 (hicho ni kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inazidi). Hapo watu wanadanganyika, wanamwaga hela kwenye mfuko wa mbegu wenye picha ya dume la mapembe makubwa, udongo una 5, mimea inadumaa na kuwa ya njano. Hela ya kwanza iende kwenye kupima udongo na chokaa ya kilimo, wakulima wa Mbozi na Njombe wanalijua hili kwa mahindi yao. Wengine wanachanganya na tanipu na mimea mingine ya jamii ya kabichi, ambazo kulungu mara nyingi anazipuuza mpaka baridi kali ipige, maana mmea ukipigwa na baridi unageuza wanga kuwa sukari ili usigande. Muulize mtu wa Makete kuhusu kabichi ya mwezi wa saba.

Kitu kingine ni upepo. Jioni milimani hewa ikipoa inateremka bondeni, asubuhi jua likipiga inapanda, ukisimama kwenye mteremko wowote wa Uporoto utaisikia usoni. Mwindaji wa jioni akikaa upande wa juu wa kipande chake harufu yake inashuka moja kwa moja hadi puani kwa mnyama na shughuli imeisha, hata angepanda asali.

Ila kupanda hivi sio sawa na kumwaga rundo la mahindi chini ili mnyama aje. Hilo majimbo kadhaa yamelipiga marufuku na sababu moja ni ugonjwa wa ubongo wa kulungu uliotambuliwa Colorado mwaka 1967, hauna tiba, na wanyama wakigombania rundo moja wanaachiana mate. Kwenye shamba walau wanatawanyika.

Na mdau asiamke kesho Mufindi akapanda klova kumtega pongo. Wanyamapori ni mali ya umma, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka leseni, na mitego ya nyaya, mashimo au kumulika usiku ni kosa hata kama mnyama yuko ndani ya maharage yako. Cha kuchukua hapa ni kwamba shamba linaloliwa sana ni lile jembamba lililogusana na kichaka wakati wa kiangazi, ukifyeka ukanda wa wazi kati yake na kichaka unamnyima ule ujasiri wa kuingia mchana.

Kule wanapima kama shamba linaliwa kwa kuweka kizimba kidogo cha waya katikati, baada ya wiki chache wanalinganisha urefu wa majani ya ndani na ya nje. Wewe huhitaji waya, shika jani la harage lililoliwa ulitazame pale lilipokatika. Pongo, sawa na kulungu, hana meno ya mbele ya juu, anabana na kuchana, kwa hiyo ukingo unabaki umechakaa chakaa. Mbuzi wa jirani naye ni hivyo hivyo, angalia na nyayo kabla hujaanza kesi. Ila kama shina limekatwa safi kwa mshazari, chini chini karibu na udongo, huyo ni sungura, pongo unamsingizia.