Daraja la Abdiel: manowari za kutega mabomu zilizoishia kubeba maziwa ya unga

Uingereza ilijenga manowari sita za daraja la Abdiel, yaani za muundo mmoja, wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mojawapo iliitwa Latona. Ilikuwa na reli za kusukumia mabomu, milango ya nyuma ya kuyadondoshea, na nafasi ya mabomu ya baharini yapatayo 150. Tarehe 25 Oktoba 1941 ndege za adui ziliizamisha kaskazini ya Bardia, pwani ya Libya, ikiwa haijatega hata bomu moja tangu ishushwe majini. Siku zote hizo ilikuwa ikipitisha askari na mizigo usiku kwenda na kutoka Tobruk, mji uliokuwa umezingirwa. Kikosi cha Australia cha 2/13 kilichokuwa kikisubiri kuondolewa Tobruk kikabaki hukohuko, kwa kuwa usafiri wao ndio huo uliokwenda chini.

Kisa cha Latona kinaonekana kama bahati mbaya ya meli moja. Ukifuatilia na zile nyingine tano, utakuta kilichoipata kilitokana na ramani ya ujenzi wa meli hizi iliyochorwa kabla ya vita.

Wageni wengi wanaopita kwenye chumba chetu cha maonyesho ya vita vya baharini hudhani bomu la baharini hutupwa tu majini likaelea ovyo. La hasha. Bomu la kawaida la Waingereza wa wakati ule lilikuwa tufe la chuma lililokaa juu ya kigari kizito chenye magurudumu, na magurudumu hayo ndiyo yaliyotembea juu ya reli za meli. Kigari kikishaanguka majini hugeuka nanga. Chini yake huning'inia timazi iliyofungwa kwa kamba fupi, tuseme ya mita tatu. Tufe hubaki juu ya maji huku kigari kikizama taratibu na kuachia waya unaokiunganisha na tufe. Timazi ikigusa sakafu ya bahari, waya hujifunga papo hapo. Kigari bado kina mita tatu za kushuka, kwa hiyo hulivuta tufe nalo lizame mita hizo hizo tatu. Hakuna aliyepima kina cha bahari mahali pale, lakini bomu limekaa pale pale lilipotakiwa, chini kidogo ya uso wa maji, mahali ambapo jicho halilioni na mkuku wa meli unalifikia.

Tufe hilo lina pembe za madini laini ya risasi. Ndani ya kila pembe mna kichupa cha kioo chenye asidi. Meli ikigonga pembe, kioo huvunjika, asidi humwagikia vipande viwili vya madini na kuwa betri ya ghafla, umeme unafika kwenye fataki na mzigo wote unalipuka. Bomu linaweza kukaa miezi bila kuhitaji umeme wowote, maana betri yake huzaliwa siku ya kugongwa.

Sasa, kutega mabomu mbele ya bandari yako mwenyewe ni kazi rahisi. Hata meli ya abiria ikifungwa reli inaiweza. Daraja la Abdiel lilibuniwa kwa kazi ya kutisha zaidi, yaani kuyatega mlangoni mwa adui. Hesabu yake ilikuwa hivi. Meli ifike karibu na pwani ya adui jua likizama, iingie gizani, imwage mabomu, na kukipambazuka iwe imeshatoka nje ya masafa ya ndege. Kwa mwendo wa noti 40, yaani kama kilomita 74 kwa saa, usiku wa saa nane unaipa meli takriban kilomita 590 za kwenda na kurudi. Manowari ya noti 28, mwendo wa meli ya kutega mabomu iliyotangulia, Adventure, ingekutwa na alfajiri ikiwa bado njiani.

Kwa hiyo wasanifu walimwaga fedha kwenye mitambo. Abdiel na wenzake walikuwa na urefu wa mita 127 na upana wa mita 12 tu, na ndani wakapewa nguvu farasi 72,000, nguvu inayotosha meli ya kivita kubwa mara mbili yake. Uzito wao bila mafuta na risasi ulikuwa tani 2,650. Mizinga haikuwa ya kujivunia: nne za kwanza zilikuwa na mizinga sita ya inchi 4, inayofaa zaidi kutungua ndege kuliko kupigana na manowari nzito. Silaha yao halisi ilikuwa kukimbia. Dohani zilikuwa tatu, jambo litakalokuja kuwa na maana. Na chini ya sitaha ya juu kulikuwa na sitaha ya pili iliyofunikwa, ukumbi mrefu mtupu ulioenea karibu meli nzima hadi shetri, usio na kuta za kukatisha, kwa sababu reli za mabomu zilitakiwa zipite moja kwa moja.

Mpango ulipofanya kazi, ulifanya kazi sawasawa. Tarehe 21 Mei 1941 Abdiel ilitega mabomu karibu na rasi ya Dukato, magharibi ya Ugiriki. Siku hiyo hiyo yakazamisha manowari ya Kiitaliano Carlo Mirabello, boti ya mizinga Pellegrino Matteucci, na meli mbili za mizigo za Wajerumani, Marburg na Kybfels, zilizokuwa zimepakia zana za Divisheni ya 2 ya vifaru kuelekea Taranto. Meli nne kwa safari moja, wala mabaharia wa Abdiel hawakuona hata moja ikizama, kwani walikwisha kuwa mbali. Siku chache baadaye meli ile ile ilikuwa Krete ikishusha makomando, kisha ikarudi kuokoa askari waliokimbilia Sfakia. Huo ndio mwanzo wa kugeuzwa.

Makamanda wa Mediterania walikuwa na shida kubwa kuliko kutega mabomu. Walikuwa na kisiwa cha Malta na mji wa Tobruk, vyote vimezingirwa, na meli za kawaida za mizigo zilikuwa zikizamishwa njiani. Wakatazama wakaona manowari yenye mbio kuliko karibu kila kitu baharini, yenye ukumbi mtupu ndani. Ondoa mabomu, weka chakula.

Safari inayostahili kusimuliwa ni ya Welshman, nyingine ya zile sita, Mei 1942, chini ya nahodha William Friedberger. Iliondoka Gibraltar ikiwa imejibadilisha sura. Kwa mbao na turubai mafundi waliibandika maumbo ya uongo hadi ikafanana na Léopard, manowari ya Kifaransa yenye dohani tatu, ikapandisha na bendera ya Ufaransa. Sheria ya vita vya baharini iliruhusu hila hiyo mradi bendera ya uongo ishushwe kabla ya kufyatua risasi. Ndege za adui zilikuja zikaichungulia, zikaondoka. (Cha kuchekesha, Léopard yenyewe wakati huo ilikuwa mikononi mwa Wafaransa wa de Gaulle, marafiki wa Uingereza. Ila ilikuwa na ndugu waliofanana nayo upande wa Vichy, serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani.) Alfajiri ya tarehe 10 Mei Welshman ikaingia Malta na tani 340: risasi za kutungulia ndege, maziwa ya unga, nyama ya makopo, injini za ndege za Spitfire, mafundi wa jeshi la anga, na mapipa ya moshi. Moshi huo ulianza kutumika palepale, ukafunika bandari wakati makuli na askari wanapakua huku ndege zikipigana juu yao. Jioni hiyo hiyo meli ikaondoka. Ilirudi Juni, Julai na Novemba.

Huku kwetu nako zilifika. Baada ya Wajapani kushambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo) Aprili 1942, manowari za Uingereza za Bahari ya Hindi zilihamishia makao Kilindini, Mombasa, na Manxman, nayo ya daraja la Abdiel, ilitumika katika kundi hilo. Tarehe 10 Septemba 1942, Waingereza walipoanza awamu ya pili ya kuiteka Madagaska kutoka kwa serikali ya Vichy, Manxman ilipewa kisiwa cha Nosy Be. Katika kampeni hiyo ndimo brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika), ilipotembea kutoka Majunga hadi Antananarivo. Manxman haikukaa muda mrefu. Novemba ilikuwa Malta na shehena, na tarehe 1 Desemba nyambizi ya Kijerumani U-375 ikaipiga topido karibu na Oran. Haikuzama, lakini matengenezo yaliiweka nje ya vita kwa zaidi ya miaka miwili.

Nimetaja ule ukumbi usio na kuta. Meli ya kivita hugawanywa vyumba vingi ili maji yakiingia kimoja yasifike kingine. Maji yakipata uwanja mpana usio na kizuizi hukimbilia upande meli inakolalia, huilaza zaidi, nayo yakazidi kukimbilia huko, kama chai kwenye sinia iliyoinamishwa. Tarehe 1 Februari 1943 nyambizi U-617 iliipiga Welshman mashariki ya Tobruk, ikiwa inaelekea Alexandria. Ilielea karibu saa mbili, watu wakadhani itaokoka, halafu ikapinduka ghafla baada ya maji kuenea kwenye sitaha ya mabomu. Walikufa zaidi ya watu 100. Binafsi siwalaumu wasanifu. Bila uwazi ule, mabomu 150 yasingemwagwa kwa usiku mmoja. Tatizo ni kwamba walibuni meli ya kuingia na kutoka mara chache kwa mwaka, na vita vikaitumia kama daladala.

Abdiel ilizama kwa mabomu ya baharini. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 1943 ilikuwa bandarini Taranto na askari wa miavuli wa Uingereza mamia kadhaa, Italia ikiwa ndiyo kwanza imesalimu amri. Boti mbili za Wajerumani zilipokuwa zikiondoka bandarini humo zilikuwa zimeacha mabomu nyuma. Meli ikaenda chini kwa dakika chache na watu zaidi ya 100.

Mbili za mwisho, Apollo na Ariadne, zilikamilika vita vikiwa vimegeuka. Ariadne ilitega mabomu Wewak, Guinea Mpya, Juni 1944, kisha ikabeba askari wa Marekani kwenda Leyte, kisiwa cha Ufilipino. Apollo ilimpeleka Jenerali Eisenhower kuangalia fukwe za Normandy tarehe 7 Juni 1944, ikapanda fungu la mchanga na kuharibu rafadha zake huku jenerali yumo ndani. Mwaka 1945 ilirudi kwenye kazi yake halisi, Norwei na karibu na Murmansk. Manxman iliishi kuliko zote: miaka ya 1960 ilibadilishwa kuwa meli mama ya vimeli vya kutegua mabomu ya baharini, ikafanya kazi hiyo Mashariki ya Mbali, na mwaka 1972 ikavunjwa kuwa chuma chakavu huko Newport, Wales.