Jun si jeshi: namna ya kusoma jedwali la vikosi vya China na Japani, Taierzhuang 1938

Tangu maadhimisho ya miaka 80 ya kumalizika kwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mwaka 2025, dawati letu la historia ya kijeshi limekuwa likipokea malalamiko ya aina moja. Mgeni husimama mbele ya jedwali la mapigano ya Taierzhuang, mji wa China ambako Wachina na Wajapani walipigana mwaka 1938, akahesabu majina ya divisheni upande wa China, akapata zaidi ya kumi. Akigeukia upande wa Japani anapata mbili. Kisha anaandika kwenye kitabu cha wageni kwamba tunawadanganya wananchi kwa kuita ushindi kitu ambacho watu kumi waliwafanyia watu wawili.

Tunaamini wanaoandika hivyo wana nia njema, na kwa kuwa malalamiko yanaongezeka, nimeombwa nitoe ufafanuzi kwa umma. Chanzo cha vita vile vya China na Japani kinajulikana na sitakirudia. Ninachotaka kieleweke ni kimoja: jina la kikosi si idadi ya watu. Mtu anayehesabu majina kwenye jedwali hajahesabu chochote.

Tuanze na neno lililotukwamisha hata sisi, neno jeshi. Wachina wana herufi moja wanayoisoma jun. Wajapani wanaandika herufi ileile na kuisoma gun. Kwa Mjapani wa mwaka 1938, gun ni jeshi kamili lenye divisheni kadhaa, mizinga mizito yake na makao makuu yenye maofisa wa mipango. Kwa Mchina, jun ni ngazi iliyo juu kidogo tu ya divisheni. Kwa kawaida ilikuwa na divisheni mbili au tatu, na mara nyingine moja. Ukizitafsiri zote mbili kuwa "jeshi", umeshampotosha msomaji kabla hajafika mstari wa pili.

Sasa upande wa Japani. Kaskazini mwa China kulikuwa na Jeshi la Eneo la Kaskazini mwa China chini ya Jenerali Terauchi Hisaichi. Ndani yake kulikuwa na Jeshi la 2 la Luteni Jenerali Nishio Toshizo. Nishio alikuwa na divisheni mbili katika mapigano haya: ya 10 ya Isogai Rensuke, iliyotoka Himeji, na ya 5 ya Itagaki Seishiro, iliyotoka Hiroshima. Kila divisheni ilikuwa na brigedi mbili, kila brigedi rejimenti mbili, kila rejimenti batalioni tatu. Ongeza rejimenti ya mizinga, wahandisi, wachukuzi na farasi kwa maelfu. Kwa kiwango cha vita, divisheni ya namna hiyo ilikuwa na watu wapatao 25,000.

Hapa ndipo wasomaji waliolelewa na simulizi za wazee wetu waliokwenda Bama (Myanmar ya leo) hukosea. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana na Wajapani huko Bama mwaka 1944, ilikuwa na brigedi tatu, ya 21, ya 25 na ya 26, na kila brigedi ilikuwa na batalioni tatu za askari wa miguu. Katikati hapakuwa na rejimenti. Kwa hiyo mjukuu wa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) akiona "brigedi" kwenye jedwali la Japani anafikiri batalioni tatu. Ni sita. Brigedi moja ya Kijapani ya 1938 ilikuwa na batalioni mara mbili ya zile za brigedi ya babu yake.

Upande wa China, divisheni iliyopangwa upya kwa mtindo wa miaka ile ilikuwa na watu wasiozidi 11,000 au karibu na hapo, na hao ni watu wa kwenye karatasi. Nyingi hazikufikia nusu ya silaha zilizoandikiwa. Mizinga ilikuwa michache au haikuwapo kabisa, ilhali rejimenti moja tu ya miguu ya Kijapani ilikuwa na mizinga yake minne ya milimita 75, na kila batalioni mizinga miwili midogo ya milimita 70, mbali na rejimenti nzima ya mizinga ya divisheni. Mtu akiniambia tena kumi kwa mbili, nitamwomba aniambie kwanza amehesabu nini.

Amiri wa upande wa China alikuwa Li Zongren, kamanda wa Kanda ya 5 ya Vita, makao yake Xuzhou, mji zinapokutana reli ya Tianjin–Pukou na reli ya Longhai. Taierzhuang uko kaskazini mashariki mwa Xuzhou, kando ya Mfereji Mkuu, na tawi la reli liliufikia. Mwenye kutaka Xuzhou kutoka kaskazini alipaswa kupita pale au karibu na pale.

Kwenye karatasi, Li alikuwa na amri juu ya wote. Kwa hakika, vikosi alivyopewa vilitoka kwa wakubwa mbalimbali, na kila kamanda alijua kwamba askari wakimwishia, cheo chake kimekwisha. Jedwali halionyeshi jambo hili, na ndilo lililokuwa gumu kuliko yote.

Chukua Pang Bingxun. Cheo chake kilikuwa kamanda wa juntuan ya 3, ngazi iliyo juu ya jun. Ukisoma cheo hicho utadhani ana makumi ya maelfu ya watu. Chini yake kulikuwa na jun moja, ya 40, na ndani ya jun hiyo divisheni moja, ya 39, yenye rejimenti tano. Ngazi tatu za uongozi, divisheni moja. Kisha mtazame Tang Enbo, kamanda wa juntuan ya 20. Huyu alikuwa na jun ya 52 ya Guan Linzheng, jun ya 85 ya Wang Zhonglian, na divisheni ya 110 kutoka jun ya 13 aliyoiongoza mwenyewe: divisheni tano, nyingi zikiwa na silaha bora kuliko za wenzao kwa sababu zilikuwa za serikali kuu ya Chiang Kai-shek. Vyeo viwili vinavyofanana, kimoja divisheni moja, kingine tano. Anayehesabu majina ataviweka sawa.

Pang alipewa ulinzi wa Linyi, mashariki, dhidi ya kikosi cha Sakamoto kutoka Divisheni ya 5. Alipozidiwa, aliyetumwa kumwokoa ni Zhang Zizhong na jun yake ya 59, yenye divisheni ya 38 na ya 180. Wawili hawa walikuwa na kisasi tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1930, Pang alipowashambulia wenzake akina Zhang. Isitoshe, Zhang alikuwa akiitwa msaliti kote China kwa mambo yaliyotokea Beiping (Beijing ya leo) mwaka 1937. Alikwenda. Wajapani wakasukumwa nyuma katikati ya Machi, na mikono miwili ya Nishio, uliotoka kaskazini na uliotoka mashariki, ikashindwa kukutana kwa wakati. Zhang aliuawa vitani Mei 1940. Ninapoulizwa kwa nini tunaandika majina ya makamanda kando ya kila kikosi, nawaelekeza kwenye mstari wa Linyi.

Upande wa magharibi, kwenye reli, mji wa Tengxian ulishikwa na askari wa Sichuan. Walikuwa wametembea kutoka kusini-magharibi ya mbali wakiwa na sare nyembamba za pamba na makubazi ya majani, bunduki zao zimetengenezwa kwenye karakana za jimboni, na kanda nyingine ilikwisha kuwakataa kabla Li hajawapokea. Wang Mingzhang, kamanda wa divisheni ya 122, aliuawa humo tarehe 17 Machi 1938. Siku zile walizowachelewesha Wajapani ndizo zilizompa Sun Lianzhong nafasi ya kujipanga Taierzhuang.

Sun aliongoza Kundi la 2 la Majeshi, ngazi nyingine iliyo juu ya jun: divisheni ya 27, ya 30 na ya 31, pamoja na brigedi huru ya 44. Divisheni ya 31 ya Chi Fengcheng ndiyo iliyowekwa mjini. Mashambulizi yalianza karibu na tarehe 24 Machi, na hapa naomba msomaji aangalie upande wa Japani kwa makini uleule. Haikuja divisheni nzima ya 10. Ilikuja brigedi ya 33 ya Seya Hajime, yenye rejimenti ya 10 na ya 63, nayo haikuja kwa pamoja. Brigedi nyingine, ya Nagase, ilikuwa magharibi zaidi. Ile hesabu ya divisheni mbili nayo haikuwa sahihi, na nasema hivyo ili kila upande upimwe kwa kipimo kimoja.

Ndani ya mji walipigana nyumba kwa nyumba. Walitoboa kuta ili kupita kutoka ua mmoja hadi mwingine bila kutokeza barabarani, na usiku Wachina walirudi na mapanga na maguruneti kuchukua walichopoteza mchana. Ulikuwapo msikiti, uliotumiwa kuwa kituo cha amri cha rejimenti ya 186 ya divisheni ya 31. Kuta zake bado zina matundu ya risasi. Picha ya ukuta huo iko chini ya jedwali letu, na wengi hupita bila kuitazama kwa haraka ya kuhesabu.

Tang Enbo alikuwa nje, milimani, kaskazini na mashariki. Kazi yake ilikuwa kuwaacha Wajapani wazame mjini, kisha kuwapiga mgongoni. Alichelewa. Li mwenyewe alisimulia baadaye kwamba ilibidi amtishe kwa yaliyompata Han Fuju. Adhabu hiyo haikuwa maneno matupu: Han, aliyekuwa mkuu wa Shandong, aliacha jimbo bila kupigana, akakamatwa, akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, akapigwa risasi tarehe 24 Januari 1938. Vikosi vyake vilibaki kwenye jedwali chini ya Sun Tongxuan, na ndiyo maana namba zake mtazikuta bila jina lake. Tang aliteremka, Seya akaondoka usiku wa tarehe 6 Aprili, na tarehe 7 China ilitangaza ushindi. Xuzhou wenyewe uliangukia mikononi mwa Wajapani tarehe 19 Mei. Ushindi wa Taierzhuang haukuuokoa mji huo, na kibao chetu kinasema hivyo waziwazi.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo usumbufu unapotokea kila wiki. Anayetaka kupinga maelezo ya kibao asiandike kwenye kitabu cha wageni, kwa sababu kitabu hicho hakina namba ya jalada. Achukue fomu ya marekebisho mapokezi, ataje namba ya kibao, mstari anaoupinga, tarehe inayohusika, na aeleze anazungumzia nguvu ya karatasi au nguvu halisi siku hiyo. Fomu isiyo na tarehe hurudishwa. Kikosi cha tarehe 20 Machi si kikosi cha tarehe 5 Aprili, watu walikuwa wanakufa kila siku. Majibu hutolewa kwa maandishi.

Anayetaka kuona nakala za majedwali aje na kitambulisho, aache begi na kalamu ya wino nje, atumie penseli. Kupiga picha kunahitaji kibali kabla, si baada. Anayeandika juu ya karatasi, hata kwa nia ya kusahihisha, husitishiwa kadi ya msomaji. Anayesambaza nakala aliyoibadilisha akiipa jina la idara yetu hufutiwa kadi moja kwa moja, na suala hupelekwa kwa wanasheria. Mwaka huu mtu alikata safu ya idadi ya watu kwenye picha, akabakiza majina ya divisheni, akaisambaza. Safu aliyoikata ndiyo iliyokuwa na jibu.

Fomu moja kati ya zilizoletwa ilikuwa na hoja sahihi. Mwandishi wake aligundua kwamba tulikuwa tumeandika "Jeshi la 59" kwa Zhang Zizhong na "Jeshi la 2" kwa Nishio, kwa herufi za ukubwa mmoja, kana kwamba ni ngazi moja. Kibao hicho kimeshushwa. Kipya kitasema "jun ya 59, divisheni 2", na mbele ya kila jina kutakuwa na idadi ya batalioni.