Kim Dae-jung na Korea Kaskazini: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Korea Kaskazini ilipofanya jaribio lake la kwanza la bomu la nyuklia, tarehe 9 Oktoba 2006, lawama nyingi huko Korea Kusini zilimwangukia mzee aliyekwisha kustaafu: Kim Dae-jung, rais kuanzia mwaka 1998 hadi 2003 na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2000. Siku chache baadaye alijitokeza hadharani kuitetea sera yake ya maelewano, maarufu kama Sera ya Mwanga wa Jua, ambayo hadi leo inapotoshwa.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba sera hiyo ndiyo iliyozaa bomu. Ukweli ni kwamba kinu cha nyuklia cha Yongbyon, huko Korea Kaskazini, kilianza kazi mwaka 1986, na Pyongyang, yaani serikali ya Kaskazini, ilitangaza kujitoa katika mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia mwezi Machi 1993, karibu miaka mitano kabla Kim hajaapishwa. Makubaliano na Marekani yalisimamisha kinu hicho mwaka 1994. Yalipovunjika mwishoni mwa mwaka 2002, wakaguzi wa kimataifa walifukuzwa na kinu kikawashwa upya. Ndiyo maana Kim, ambaye hakulitetea jaribio lenyewe, alishikilia kwamba kilichokwama ni mazungumzo kati ya Washington na Pyongyang, wala si yale ya Wakorea wao kwa wao. Naiona hoja hiyo kuwa nzito, ingawa walioamua kutengeneza bomu ni watawala wa Pyongyang, na hakuna wa kuwabebea dhamana hiyo.

Suala la fedha, hata hivyo, si uzushi. Uchunguzi maalumu wa mwaka 2003 ulithibitisha kwamba mamia ya mamilioni ya dola yalipelekwa Kaskazini kwa siri kupitia kampuni ya Hyundai mwaka 2000, zikiwemo dola milioni 100 kwa niaba ya serikali ya Kusini. Wananchi walistahili kuambiwa mapema, na siri ile iliwapa wapinzani wa maelewano silaha ambayo wanaitumia mpaka sasa.

Wengine humwona Kim kuwa alilegeza ulinzi. Msingi wa kwanza wa sera yake ulikuwa kutovumilia uchokozi wa kijeshi, na mwezi Juni 1999, boti za Kaskazini zilipovuka mpaka wa baharini karibu na kisiwa cha Yeonpyeong, jeshi la majini la Kusini lilizijibu kwa risasi na kuzamisha mojawapo.

Wapo pia wanaodhani kwamba alitaka kuziunganisha Korea mbili haraka. Aliahidi waziwazi kutoimeza Kaskazini, akaanza na mambo yanayowezekana: mwezi Agosti 2000, watu 100 kutoka kila upande walikutanishwa na jamaa zao waliotenganishwa na vita vya mwaka 1950 hadi 1953. Hata mwezi Juni 2009, miezi miwili kabla ya kufariki, bado alikuwa akiihimiza serikali ya Seoul irudi katika makubaliano aliyotia saini na kiongozi wa Kaskazini mjini Pyongyang mwaka 2000.