Sahani moja si mgahawa mzima: dhana potofu kuhusu video za kuonja vyakula Kampala

Fungua TikTok jioni ukiwa Kampala. Hutapitisha video nyingi kabla ya kumkuta kijana ameshika rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, anaing'ata, anafumba macho, kisha anataja mtaa na bei. Sekunde 40, imekwisha. Kesho yake utawakuta watu wawili wakibishana: mmoja anaapa kijana kahongwa, mwingine ameshapanda boda kwenda kula. Kila mmoja ana nusu ya habari. Mengi tunayoyaamini kuhusu video hizi yanatoka kwenye shina moja, nalo ni kuitaka sahani moja, iliyoliwa saa moja ya siku moja, itoe ushahidi wa mgahawa mzima.

"Anatazamwa sana, kwa hiyo TikTok inamlipa"

Kwa mwonjaji aliyeko Uganda, hapana. Mpango wa TikTok wa kulipa kwa kadiri video inavyotazamwa uko katika nchi chache tu, kama Marekani, Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Japani, Korea Kusini na Brazili. Hata huko mtu hutakiwa awe na wafuasi 10,000, awe ametazamwa mara 100,000 ndani ya siku 30, na video yake izidi dakika moja. Ile ya sekunde 40 isingelipwa hata kama kijana angekuwa London. YouTube ndiyo iliyowafungulia Waganda mlango, ila kizingiti chake ni kirefu: ili ugawiwe pesa za matangazo, uwe na wafuasi 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa kwa mwaka, au video zako fupi zitazamwe mara milioni 10 katika siku 90.

Na kupandisha video si bure. Kuanzia Julai 2018 serikali ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa kila aliyeingia mitandao ya kijamii. Tozo hiyo ilipoondolewa Julai 2021, mahali pake pakaja ushuru wa asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Basi mwonjaji mdogo analipa chakula, analipa boda, analipa bando, na video yake ya TikTok haimrudishii hata senti. Wa kumrudishia, mara nyingi, ni mwenye mgahawa. Hapo ndipo pa kuangalia.

"Kala bure, basi anadanganya"

Hili linasemwa kwa hasira, na lina ukweli wake, ila si pale watu wanapoulenga. Sahani ya bure na soda baridi haimgeuzi mtu mwaminifu kuwa mwongo. Kinachoharibu ushahidi ni taarifa iliyotangulia. Mpishi akijua kamera inakuja saa saba, nyama itakayotoka ni ile aliyokuwa akiiwekea mgeni wa heshima, na mchuzi utakuwa umekolea karanga kuliko siku zote. Mwonjaji atasema kweli tupu kuhusu sahani ambayo wewe hutapewa kamwe.

Mmarekani Keith Lee, aliyekuwa mpiganaji wa MMA, mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka, kabla ya kujulikana kwa kuonja vyakula TikTok, alilitambua hilo mapema. Huwatuma jamaa zake waagize, hulipa mwenyewe, na mara nyingi hula garini. Sahani yake basi ni ile ile ya mteja wa kawaida. Kwao, anayepewa kitu ili asifu hutakiwa na miongozo ya serikali kukitangaza waziwazi. Kwetu ustaarabu huo bado ni wa hiari, na ninawaheshimu wale wachache wa Kampala wanaoanza kwa kusema, "Hii nimekaribishwa." Wanapoteza wafuasi wachache na kubaki na neno lao.

Wapo pia wanaojibu kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, kwa hiyo mgahawa unaotafuta video ni mbovu. Methali hii ilitungwa bila kukijua kichochoro cha Wandegeya. Mama anayepika nyuma ya gereji, hana bango, hana hata jina ukutani, chakula chake kitajiuza vipi kwa mtu wa mtaa mwingine kama Ntinda? Wenye mabango makubwa barabarani ndio wasioihitaji video. Mchumi Michael Luca, aliyekuwa Harvard wakati huo, katika utafiti wa migahawa ya Seattle uliotoka mwaka 2011, alikuta kwamba nyota moja zaidi kwenye tovuti ya maoni iliongeza mapato kwa asilimia 5 hadi 9, lakini faida hiyo ilikwenda kwa migahawa ya watu binafsi. Ile yenye matawi mengi haikutikisika, maana kila mtu alishaijua. Tena kumbuka nyota zile ni wastani wa walaji wengi, si sauti ya kijana mmoja.

"Nilikwenda, wala si kama kwenye video"

Malalamiko haya ndiyo yaliyojaa kuliko yote, na mara nyingi hakuna aliyedanganya. Chakula cha Uganda kina saa yake. Katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na utumbo au maharage, ni cha asubuhi. Ukifika saa sita mchana utakuta sufuria imeshaoshwa, au utapewa mabaki yaliyoganda. Luwombo, mchuzi wa nyama au kuku, hufungwa katika jani la mgomba na kuiva kwa mvuke polepole kwa saa kadhaa, kwa hiyo ni chakula cha mchana. Anayekiulizia saa mbili usiku analetewa kilichopashwa moto upya, halafu anaandika kwamba nyama ilikuwa kamba. Muchomo, yaani nyama choma, wa kando ya barabara unaanza kunoga jua likishazama. Nsenene, wale panzi wa kuliwa, ndio kabisa: msimu wao mkubwa ni karibu na Novemba, na mwingine mdogo huja kati ya Aprili na Mei. Video ya nsenene waliokaangwa Masaka mwezi wa kumi na moja haina maana kwa mtu anayekwenda Agosti.

Halafu kuna desturi ya kuagiza, ambayo wageni kutoka Nairobi na Dar huikosea kila mara. Katika mikahawa ya kawaida ya Kampala, bei inafuata mchuzi. Wewe unachagua nyama, kuku, samaki, maharage au binyebwa, yaani mchuzi wa karanga. Matoke, posho (ugali), wali, viazi vitamu, malenge na mihogo vinakuja pamoja, kidogo kidogo, kadiri vilivyopo jikoni. Mgeni anayeona bei ya maharage kwenye video na kudhani wali unalipiwa pembeni hushangaa kwa furaha. Yule aliyeona mlima wa vyakula na kudhani ni ofa maalumu ya siku hiyo hujiona ameibiwa asipokuta malenge. Hakuna ofa wala wizi. Malenge yameisha tu.

Tena vipo vyakula vinavyohukumiwa bila kujulikana. Eshabwe ya Ankole, mchuzi mweupe wa samli, haipashwi moto. Huliwa baridi, nao husifika kwa kalo, ugali wa wimbi. Nimeshaona video ikimcheka mpishi kwamba "amesahau kuipasha". Malakwang, mboga ya majani ya kaskazini, ina uchachu wake wa asili, na karanga huja kuutuliza. Anayesema imechacha ametangaza tu kwamba ni mara yake ya kwanza. Simlaumu kwa ugeni, ila aseme kwamba ni mgeni.

Kahawa nayo imo humu. Waonjaji wa migahawa ya Kololo wana mazoea ya kuilaani robusta kwa ukali wake, kana kwamba ni kahawa ya makapi. Robusta ni mwenyeji wa misitu ya Uganda, ndiyo sehemu kubwa ya kahawa inayouzwa nje, na kafeini yake ni karibu mara mbili ya ile ya arabika. Ukali si kasoro ya mpishi. Ukitaka laini, ulizia arabika ya Bugisu kutoka Mlima Elgon.

"Watazamaji laki mbili, wateja laki mbili"

TikTok huhesabu mtazamaji video inapoanza tu kucheza. YouTube nayo ilifuata mtindo huo kwa video zake fupi mwishoni mwa Machi 2025. Aliyepitisha kidole bila hata kusoma jina la mgahawa kahesabiwa. Wengine wako Nairobi, Juba au wanaosha vyombo Dubai wakiililia rolex ya nyumbani. Hao hawaji kula Kisementi Ijumaa hii.

Na wakija kweli, je? Januari 2023 Keith Lee alipousifu mgahawa mmoja mdogo wa piza Las Vegas uliokuwa na wateja wachache, foleni ilitokea karibu mara moja. Ni habari njema kwa mwenye tanuri kubwa. Kwa mchoma chapati mwenye jiko moja la mkaa, watu 60 wa ghafla ni chapati mbichi katikati, mayai yaliyoisha, na video 10 mpya za kumponda kabla ya wiki kuisha. Ningekuwa mwonjaji, ningemuuliza mwenye kibanda kama anaitaka video hiyo.

"Kala mbele ya kamera na hajaumwa, basi ni salama"

Hii ndiyo dhana ninayoiogopa, kwa sababu video inaisha kabla ya tumbo kusema. Homa ya matumbo huchukua siku kadhaa, hata wiki mbili tatu, kabla ya kujitokeza. Sumu ya methanoli kwenye waragi, ile pombe kali, wa magendo inaweza kukaa saa nyingi kabla ya kumpofusha au kumuua mnywaji. Mwaka 2010 makumi ya watu walikufa Kabale kwa waragi wa namna hiyo, na hakuna aliyeanguka kwa tone la kwanza. Mwonjaji anayemeza, anacheka na kusema "iko poa" hajathibitisha lolote.

Macho nayo hudanganywa na mazingira. Tunaona kibanda cha vumbi, tunaogopa. Tunaona meza ya kioo na juisi ya embe yenye mwavuli wa karatasi, tunatulia. Mlipuko wa homa ya matumbo wa Kampala mwaka 2015, uliokuwa na wagonjwa waliodhaniwa zaidi ya 10,000, ulihusishwa na maji na vinywaji vilivyochafuliwa. Rolex inayokaangwa mbele yako na kuliwa ya moto imepita kwenye moto mkali dakika hiyo hiyo. Cha kuuliza ni kachumbari iliyomo ndani yake imeoshwa kwa maji gani, na barafu ya juisi imetoka wapi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzi joto 60 hadi kiliwe. Kuku wa kijiti wa Namawojjolo, kituo cha barabara ya kwenda Jinja, anayetolewa makaa mbele ya dirisha la basi ana nafasi nzuri kuliko kuku aliyelala kwenye kabati la kioo tangu asubuhi chini ya taa ya kupendezesha. Kwenye baa, tazama kama chupa inafunguliwa mbele ya mteja. Viroba vya pombe kali vilipigwa marufuku Uganda mwaka 2019, kwa hiyo ukiviona kwenye video usiulize utamu.

"Kiswahili hakina soko Kampala"

Nenda Kisenyi, kwenye migahawa ya Wasomali yenye wali, nyama ya mbuzi na ndizi mbivu pembeni. Nenda Nsambya kwa Wakongo. Nenda hata Busia, mpakani na Kenya, ambako chapati moja inaweza kuagizwa kwa lugha tatu. Kiswahili kiliingizwa kwenye katiba kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na baraza la mawaziri likakikubali tena Julai 2022, lakini wapishi hao hawakungoja. Mwonjaji anayezungumza Kiswahili anasikika Mombasa, Goma na Arusha kwa video ile ile moja. Ninachokiona kikikosekana ni waonjaji, si watazamaji.

"Ni maoni yangu, nitasema nipendavyo na nitampiga picha nimtakaye"

Kusema chakula hakikuwa na chumvi ni haki yako. Kusema mgahawa unauza nyama ya mbwa bila ushahidi ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 ilikuwa na kifungu cha 25 kuhusu mawasiliano ya kuudhi, ambacho Mahakama ya Katiba ilikifuta Januari 2023. Waliodhani wakati huo kwamba uwanja ni huru walisahau kwamba mwaka 2022 sheria hiyo ilikuwa imeongezewa kosa la kusambaza habari zenye nia mbaya, mbali na kesi ya madai ambayo mwenye mgahawa anaweza kufungua.

Kuhusu sura za watu, ipo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, ambayo msingi wake ni ridhaa. Kafunda, kile kibaa kidogo cha mtaani chenye viti vya plastiki, si studio. Wanaokaa wakizunguka chungu cha malwa, pombe ya wimbi, na mirija yao mirefu saa nane mchana ya Jumanne wanayo sababu ya kuwa pale, na huenda sababu hiyo haijafika ofisini kwao wala kwa mchungaji. Elekeza kamera kwenye chungu.