Je, wajua kwa nini balbu kali zaidi yaweza kukupunguzia umbali wa kuona usiku?

Ingia duka la spea za pikipiki, Kariakoo jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, ulalamike kwamba taa yako haioneshi njia. Hutaulizwa maswali mengi. Utawekewa mezani kiboksi chenye balbu ya LED, kifeni mgongoni mwake, na maandishi makubwa ubavuni: lumeni 20,000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga). Fundi anaichomeka, anaiwasha mchana kweupe, waliosimama jirani wanageuza nyuso, na mwenye pikipiki analipa bila kinyongo. Usiku lami iliyo mbele ya tairi inang'aa kuliko ilivyowahi kung'aa. Kitu kimoja tu hakijapimwa: shimo lililo mita 60 mbele, anaanza kuliona akiwa wapi?

Kwa balbu nyingi za namna hiyo, analiona akiwa amelisogelea zaidi kuliko alipokuwa na balbu ya zamani. Mwanga umeongezeka, umbali umepungua. Linasikika kama fumbo, lakini halina uchawi wowote, na mzizi wake ni imani moja ambayo karibu kila mtu anayo: kwamba taa huona mbali kwa sababu balbu yake ina nguvu.

Tuanze na ile 20,000. Pikipiki nyingi za bodaboda za cc 100 hadi 150 hutumia balbu ya halojeni, ile yenye uzi wa waya unaowaka ndani, ya wati 35 za fulu na wati 35 za dimu; aina mojawapo inayojulikana sana ni HS1. Kwa kanuni ya kimataifa ya balbu za magari, HS1 inatakiwa kutoa takriban lumeni 825 kwenye fulu na 525 kwenye dimu. Kaka yake mkubwa, H4, ambaye yuko sokoni tangu mwaka 1971, hutoa takriban 1,650 na 1,000. Kwa hiyo kiboksi kinadai kwamba ndani yake mna balbu ishirini na nne za HS1 zikiwaka fulu kwa pamoja, kwenye kitu unachoweza kukificha ndani ya ngumi.

Kuna namna ya kulikamata dai hilo bila kifaa chochote. Wati moja ya nishati, hata kama yote ingegeuka mwanga bila kupotea chembe, na hata kama mwanga huo ungekuwa ule wa kijani ambao jicho la mwanadamu huuona vizuri kuliko rangi zote, haiwezi kuzidi lumeni 683. Huo ndio ukomo wa kimaumbile. Balbu ya wati 20 inayodai lumeni 20,000 inadai lumeni 1,000 kwa kila wati. Haijapata kutengenezwa, wala haitatengenezwa. LED nzuri za kawaida hutoa kama lumeni 100 hadi 150 kwa wati, ambazo kwa hakika si haba: ni mara kadhaa ya halojeni. Zidisha mwenyewe wati zilizoandikwa kwenye kiboksi, ujue umebakiwa na nini.

Lakini hata tukikubali kwamba LED yako inatoa lumeni 2,000 za kweli, bado hatujajibu swali. Lumeni huhesabu mwanga wote unaotoka kwenye balbu, unakoelekea popote. Kinachomulika shimo la mita 60 ni sehemu ya mwanga huo iliyokusanywa ikaelekezwa huko, na kazi hiyo hupimwa kwa kipimo kingine, kandela. Hapa ndipo watu wengi huachwa na basi, maana kandela hazitengenezwi na balbu. Hutengenezwa na riflekta, lile bakuli linalong'aa nyuma ya balbu.

Fikiria mpira wa maji pale kijiweni pikipiki zinapooshwa. Pampu ndiyo inayoleta maji, lakini ncha ndiyo inayoamua yaende wapi. Ukiwa na ncha nzuri, maji machache yanafika hadi kwenye cheni yakiwa na nguvu ya kung'oa tope lililoganda. Ing'oe ile ncha, weka pampu kubwa mara mbili, fungua: maji yanatoka mengi kweli, na mengi yanakuishia miguuni. Sasa ongeza sharti moja. Ncha hiyo imechongwa kwa ajili ya bomba la kipenyo kimoja tu. Bomba nene kidogo, au lililokaa upande kidogo, linavujisha pembeni, na kadiri pampu inavyoongezewa nguvu ndivyo linavyovujisha zaidi. Riflekta ndiyo ncha. Bomba lake ni uzi wa balbu.

Uzi huo, ukiutazama kwenye balbu ya HS1 iliyozimwa, ni koili fupi ya waya wa tangsteni yenye urefu wa takriban milimita 5, nyembamba kama njiti. Ziko mbili. Uzi wa fulu umekaa karibu na fokasi ya riflekta, yaani ile nukta ambayo mwanga ukianzia hapo, bakuli lote huurudisha mbele kwa mstari ulionyooka. Uzi wa dimu umesogezwa mbele kidogo ya nukta hiyo, na chini yake kuna kikombe kidogo cha chuma. Watu hudhani kikombe hicho ni cha kushikilia uzi. Hapana: kazi yake ni kuzuia mwanga usifike nusu ya chini ya riflekta. Kwa kuwa uzi uko mbele ya fokasi, nusu ya juu ya bakuli huutupa mwanga kuelekea chini, barabarani, wakati nusu ya chini ingeutupa juu, machoni mwa anayekuja. Kikombe kinaifumba hiyo nusu ya pili. Tofauti yote kati ya dimu na fulu kwenye pikipiki hizi inatokana na milimita chache na kipande cha bati, na kila ninapoifikiria naona kwamba waliobuni kitu hiki wangestahili kusifiwa zaidi.

Sasa chomeka LED mahali hapo. Uzi wa tangsteni humulika pande zote kuuzunguka. Chipu za LED, yaani vile vipande vidogo vinavyotoa mwanga, zimebandikwa kwenye bamba, chache upande huu na chache upande ule, na bamba lenyewe lina unene. Sehemu ya riflekta iliyotegemea mwanga wa kutoka juu kabisa ya uzi inapata kidogo, nyingine inapata kupita kiasi, na chanzo chenyewe kimekaa milimita moja au mbili nje ya mahali ambapo mhandisi alikusudia. Milimita mbili ndani ya taa ni mita kadhaa barabarani. Mwanga haupotei, unamwagika. Mwingine unaenda kwenye majani ya miembe, mwingine kwenye vioo vya daladala inayokuja, na mwingine mwingi unatua mita tano mbele ya tairi.

Huo wa mita tano ndio unaouza balbu. Mwanga hufifia kwa mraba wa umbali: kandela zilezile zinazomulika kitu kilicho mita 5 zinakipa mwanga mara 100 kuliko kikiwa mita 50. Kwa hiyo hata mmwagiko mdogo wa karibu unaifanya lami iwe nyeupe, na jicho hupenda hivyo. Mboni inajibana kwa sababu ya weupe ule, mtazamo unavutwa chini, na kule mbele penye giza, mtu aliyevaa nguo nyeusi anazidi kuwa mweusi. Dereva ukimuuliza atakwambia kwa moyo mweupe kwamba taa mpya ni bora, na hasemi uongo; anaripoti kile jicho lilichompa. Ila kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa pikipiki hupita takriban mita 17 kila sekunde. Weka sekunde moja na nusu ya kushtuka, kisha breki kwenye lami kavu, na unahitaji kama mita 50 kusimama. Mita tano zilizong'aa hazikusaidii kitu: ukishaona kitu pale, umeshakigonga.

Kipimo cha nyumbani kipo. Simamisha pikipiki mita 10 kutoka ukutani usiku, washa dimu. Taa nzuri huacha mpaka unaoonekana: chini mwanga, juu giza, na sehemu yenye nguvu zaidi iko chini kidogo tu ya mpaka huo. Ukiona doa kubwa lisilo na mpaka, au mpaka uliotafunwa, ile balbu na ile riflekta hazielewani, kiboksi kiseme kisemavyo. Baadhi ya LED hukubali kuzungushwa ndani ya soketi hadi chipu zitazame kushoto na kulia badala ya juu na chini, na wakati mwingine hilo peke yake hurudisha mpaka. Wakati mwingine halirudishi.

Kuhusu rangi nitapita haraka. Halojeni zilizopakwa bluu hutoa mwanga mdogo kuliko zisizopakwa, kwa kuwa rangi ile ni chujio, na chujio hakiongezi. Mwanga mweupe wenye ubluu huwakera zaidi wanaokuja mbele yako. Lakini ile kauli kwamba mwanga wa njano hupenya ukungu haina mashiko kama inavyodhaniwa: matone ya ukungu ni makubwa mara nyingi kuliko mawimbi ya mwanga, kwa hiyo hayachagui rangi. Anayepanda Kinale au Njombe alfajiri anasaidiwa na mwanga kukaa chini. Ukiwasha fulu ndani ya ukungu, unajimulika mwenyewe.

Sasa kuna jambo ambalo dukani halitajwi, kwa sababu haliuziki. Balbu ya halojeni ina wivu mkubwa na volti. Zile lumeni 825 hupimwa kwa volti 13.2, na mwanga hushuka takriban kwa kipeo cha 3.4 cha volti. Kwa maneno mengine, balbu ikipata volti 12 badala ya 13.2, imepoteza zaidi ya robo ya mwanga. Ikipata 11, imebakiwa na nusu na ushei. Pikipiki iliyokula vumbi na mvua miaka kadhaa hupoteza volti moja au mbili njiani bila taabu: swichi iliyochakaa, soketi iliyoungua ikawa kahawia, waya wa hasi uliofungwa kwenye fremu penye kutu. Weka mita ya volti kwenye pini za balbu taa ikiwa imewashwa na injini inazunguka, ulinganishe na betri. Tofauti ikizidi nusu volti, balbu ya zamani haikuwa na kosa. Sehemu ya maajabu ya LED mpya hutoka hapa, kwa kuwa ina kidhibiti chake cha umeme na haijali sana volti zilizopungua.

Pikipiki ndogo nyingine, hasa za zamani, huiwasha taa moja kwa moja kutoka kwenye koili za injini bila kupitia betri. Utaijua: ukipiga resi inang'aa, ukiachia inafifia. Umeme huo ni wa kwenda na kurudi, na LED nyingi zikiwekwa hapo hupepesa au hufa mapema. Wanaokimbilia halojeni ya wati 100 nao wana yao. Inavuta zaidi ya ampea 8 kwenye waya uliotengenezwa kwa ampea 3, soketi inayeyuka, na hata ingekaa salama, kuongeza mwanga mara mbili huongeza umbali kwa mara 1.4 tu.

Halafu kuna mshikaki, yaani kubeba abiria zaidi ya mmoja. Taa hutegwa ishuke kidogo, tuseme sentimita 10 kwa kila mita 10. Pakia abiria wawili na kiroba cha unga. Springi za nyuma zikizama sentimita 5 kwenye pikipiki ambayo tairi zake zimeachana sentimita 125, pua imeinuka asilimia 4, yaani sentimita 40 kwa mita 10. Toa zile 10, mwanga sasa unapanda sentimita 30 kila mita 10. Ukifika mita 30 mbele umeshapita juu ya kichwa cha mtembea kwa miguu, hata kama taa ilianzia kimo cha kiuno tu. Hakuna balbu inayotibu hilo. Linatibiwa na spana, kwenye boliti za taa au kwenye ngazi za kukazia springi, na ni la bure.

Ujerumani ilipoanza mwaka 2020 kuruhusu barabarani balbu za LED za kuwekwa mahali pa halojeni, ruhusa haikutolewa kwa balbu peke yake. Ilifungwa na orodha ya magari ambayo balbu hiyo ilijaribiwa ndani ya taa zake, moja baada ya nyingine, kwa kuwa balbu ileile inayofaa ndani ya bakuli hili huharibu ndani ya lile. Anayetaka LED kweli ana njia ya uhakika zaidi: anunue taa nzima iliyobuniwa na LED ndani yake, riflekta au lenzi na chipu zikiwa zimetengenezwa pamoja. Ni ghali. Asiyetaka gharama hiyo asafishe soketi na swichi, afute kioo cha mbele kilichofifia kwa vumbi, atege taa akiwa na mzigo anaobeba kila siku, kisha aweke halojeni mpya ya wati zilezile. Kioo cha balbu hiyo asikishike kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi huungua juu yake, sehemu ile inapata joto kupita nyingine, na balbu inapasuka kabla ya wakati wake. Ashike kwenye chuma, au kwa kitambaa safi.